Ali bin Ridhwan, mwana wa mchoma mikate aliyeiandika nyota

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchoma mikate ya mofa. Kabla ya adhana ya alfajiri tanuri lake lilikuwa limekwisha kokwa, na mimi nikienda chuoni na kanzu inayonuka moshi. Watoto wenzangu walinijua kwa harufu hiyo kabla hawajaniona. Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kutunga mashairi magazetini, mshairi mmoja hodari ambaye sitamtaja jina aliitia mofa ile katika ubeti wake, akauliza mwana wa mchoma mikate kavipata wapi vina na mizani. Mji mzima ulicheka.

Siku hizo nilikuwa nikienda kwa mwalimu wangu wa falaki, mzee aliyetufundisha juu ya dari la nyumba yake namna ya kupiga hesabu ya kibla na nyakati za sala. Aliniona nimenuna. Hakuniuliza neno; aliinama kwenye sanduku lake la vitabu, akanipa kitabu kikubwa cha Kiarabu cha Ibn Abi Usaibia, tabibu wa Sham aliyefariki mwaka 1270, ambaye alikusanya maisha ya matabibu wa kale. Akanifungulia ukurasa na kuniacha. Humo ndimo nilimokutana na Ali bin Ridhwan wa Misri, naye baba yake alikuwa mchoma mikate.

Basi, wasomaji wapenzi, leo nataka kuwasimulia habari za mtu huyu. Jina lake liliwahi kujulikana tangu Baghdad hadi vyuo vikuu vya Ulaya, ambako Walatini walimwita Haly. Na kama jina hilo limeanza kutajwa tena katika miaka hii yetu, si kwa utabibu wake. Ni kwa sababu ya nyota aliyoiona akiwa kijana, ambayo imezimika machoni pa watu kwa miaka elfu lakini ingali inasikika redioni.

Alizaliwa Giza, ng'ambo ya Nili, mwaka 988. Yeye mwenyewe aliandika habari za maisha yake alipokaribia umri wa miaka sitini, na katika maandishi hayo hakujificha. Alianza kusoma akiwa na miaka sita. Alipotimiza kumi akahamia mji mkuu kutafuta elimu. Alipofika kumi na minne akaanza utabibu na falsafa. Lakini baba hakuwa na kitu, na waalimu wa utabibu walitaka kulipwa. Kijana akawa anatafuta riziki huku na huku: mara atibu, mara afundishe, mara nyingi apige falaki. Mwandishi mwingine wa kale, Ibn al-Qifti, anasema kwamba mwanzoni alikuwa akikaa kando ya njia kama wapiga ramli wa kawaida, anawatazamia wapita njia nyota zao. Hebu mwone huyo mvulana: mchana yuko vumbini anauza bahati za watu, usiku anasoma Galeni na Batlimosi kwa taa ya mafuta, bila mtu wa kumwelekeza.

Alijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Jambo hilo alilifanyia fahari maisha yake yote, na ndilo lililomletea ugomvi mkubwa kuliko wote aliowahi kugombana.

Misri ya zama hizo ilikuwa chini ya Mafatimi, na khalifa alikuwa al-Hakim. Elimu ya falaki ilikuwa imestawi. Ibn Yunus, mmoja katika wakuu wa elimu hiyo duniani, aliishi mji ule ule mpaka alipokufa mwaka 1009. Kwa hiyo nyota ile ilipotokea haikuwaangukia watu wajinga.

Ilikuwa mwaka 1006, kwa hesabu yetu ya Hijria mwaka 396, mwezi wa Rajabu ukielekea ukingoni. Ali alikuwa na miaka kama kumi na minane. Usiku huo hakukuwa na mwezi, kwani jua na mwezi vilikuwa vimekutana mahali pamoja katika daraja ya kumi na tano ya buruji ya Ng'ombe. Upande wa pili kabisa, katika daraja ya kumi na tano ya Nge, ikatokea nyota ambayo haikuwako. Alieleza kwamba ilikuwa ya mviringo, kubwa mara mbili na nusu au tatu kuliko Zuhura, na ikimetameta sana. Mwanga wake ulikuwa kupita kidogo robo ya mwanga wa mwezi, hata upeo wa mbingu ukang'aa kwayo. Haikutembea kama kimondo wala kama nyota yenye mkia. Ilikaa pale pale, ikizunguka na buruji yake usiku hata usiku, mpaka jua lilipofika katika buruji ya Mashuke kwa umbali wa daraja sitini, ndipo ikatoweka.

Angekomea hapo, angekuwa kama wengi wengine walioiona wakastaajabu. Lakini alikuwa mwanafunzi wa falaki, na mwanafunzi wa falaki hawezi kuandika tukio bila kuandika saa yake. Akaorodhesha mahali zilipokuwa sayari siku ile: Zohali katika Simba, Mushtarii katika Kaa, Mirihi katika Nge yenyewe, Zuhura katika Mapacha, kila moja na daraja yake na dakika zake. Haya yote aliyatia, miaka mingi baadaye, ndani ya sherehe yake ya kitabu cha Batlimosi cha utabiri wa nyota. Aliyaandika ili kuonyesha namna nyota kama ile inavyoleta balaa, kwani yeye aliamini kwamba vita, ukame, njaa na maradhi yaliyowapata Waislamu baada ya hapo yalitokana nayo. Kwa utabiri huo mimi sina haja. Wakati huo huo huko Uchina mnajimu wa serikali, Zhou Keming, alimweleza mfalme wake kwamba nyota hiyo hiyo ni ya heri na neema, naye akapandishwa cheo. Nyota moja, riziki mbili.

Waliiona wengi. Waliiandika watawa wa St. Gallen katika milima ya Uswisi, ambako ilichungulia chini kabisa upande wa kusini. Waliiandika Wajapani, na watu wa Iraki. Jirani zetu wa Yemeni waliiandika katika tarikh zao, tena wakaitia katikati ya Rajabu, yaani wiki mbili kabla ya Ali bin Ridhwan. Maandishi hayo ya Yemeni yametolewa na wataalamu mwaka 2015 tu. Na sisi? Mahali ilipokuwa nyota ile ni kusini mwa mbingu, kwa hiyo mtu wa Misri aliitazama ikiwa chini, lakini mtu wa pwani yetu aliiona imepanda juu sana. Shanga, kule Pate, ulikuwako wakati huo mji wenye msikiti. Wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta misingi yake, mmoja juu ya mwingine, tangu karne ya nane. Sina shaka kwamba waliokuwa wakitoka sala ya isha Shanga mwaka huo waliona vivuli vyao mchangani bila mwezi. Hakuna mstari mmoja uliotufikia kutoka kwao. Kila nikifika hapo katika habari hii huona wivu, na wivu wangu hauko juu ya nyota.

Sasa nivuke miaka mia tisa na hamsini na tisa kwa hatua moja.

Mwaka 1965 mwanachuoni wa Kimarekani, Bernard Goldstein, alichapisha uchunguzi wake juu ya maneno ya Ali bin Ridhwan. Alichukua zile daraja za sayari, akapiga hesabu kurudi nyuma, na zikakubaliana na siku moja: tarehe 30 Aprili, 1006. Yule mvulana wa kando ya njia alikuwa ameandika sawasawa. Mwaka huo huo, katika jarida lile lile la falaki, wataalamu wawili wa Australia, Gardner na Milne, walichapisha walichokipata kwa darubini ya redio ya Parkes. Darubini hiyo ni sinia kubwa la chuma lenye upana wa mita 64, lililosimamishwa kwenye malisho ya kondoo na kufunguliwa mwaka 1961. Wakaielekeza katika sehemu ya mbingu ambako maandishi ya kale yalisema nyota ilikuwako, wakakuta duara linalotoa mawimbi ya redio, pana kama mwezi mpevu unavyoonekana kwetu. Mtu akitazama hapo kwa macho haoni kitu. Hata darubini za vioo hazijaona ila nyuzi nyembamba za mwanga. Lakini kwa redio duara lipo, na kingo zake mbili zimekoza kama mtu aliyechora mabano mawili mbinguni.

Nadhani msomaji atauliza, nyota itatoaje redio? Si kwamba kuna msemaji huko. Nyota ile, wataalamu wanatueleza, ilikuwa nyota kongwe iliyokwisha kujishindilia, ukubwa wake kama dunia hii na uzito wake kama jua, iliyokaa umbali ambao mwanga huchukua miaka kama 7,000 kuusafiri. Ikalipuka yote, haikubaki kitu. Mlipuko wa namna hiyo wao huuita supanova. Mwanga wake ulikuwa njiani siku ambayo Mafirauni walikuwa bado kuweka jiwe la kwanza la mapiramidi ya Giza, ukafika Giza wakati ambapo mapiramidi yamekwisha kuwa magofu na mwana wa mchoma mikate amekwisha kuzaliwa chini yake. Majivu ya mlipuko yangali yanakimbia, maelfu ya kilomita kwa kila sekunde, yakisukuma hewa nyembamba iliyo baina ya nyota. Pale yanapogongana nayo, chembechembe za umeme ziitwazo elektroni hurushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, zikajiviringisha katika nguvu za sumaku zilizoko huko. Na elektroni inayoviringika hivyo hutoa mawimbi ya redio. Ndiyo sababu mabaki yanasikika ingawa mwali umezimika. Katika miaka ya 1980 na 1990 darubini 27 zilizopangwa pamoja katika jangwa la New Mexico, Marekani, zilichora duara hilo kwa redio, na picha za miaka mbalimbali zilipolinganishwa ikaonekana wazi kwamba linazidi kutanuka. Mwaka 1995 mtambo wa Wajapani uliokuwa ukizunguka angani ulionyesha kwa mionzi ya eksirei kwamba kingo zile ni tanuri linalopika chembe zenye nguvu kupita kiasi, zile zinazoinyeshea dunia yetu kutoka mbinguni mchana na usiku.

Kwa mionzi hiyo ya eksirei, nasi wa pwani tuna hisani yetu ndogo. Tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ulirushwa mtambo wa kwanza duniani uliotengenezwa mahsusi kuchungua mbingu kwa eksirei, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ukapewa jina la Uhuru. Na katika mpango mkubwa wa darubini za redio wenye mitambo jangwani Karoo, Afrika Kusini, ambako sinia 64 za MeerKAT zilifunguliwa mwaka 2018, Kenya ni mojawapo ya nchi washirika. Nayasema haya kwa sababu nimesikia vijana wakidai kwamba mambo haya ni ya wenzetu.

Turudi kwa mtu wetu. Alipotimiza miaka thelathini na miwili jina lake la utabibu likaenea, na tangu hapo hakulala njaa. Akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Alijiwekea utaratibu wa maisha ambao aliuandika: kila siku afanye kazi inayomtosha mtu kuupa mwili mazoezi, ale chakula cha kuutunza, avae nguo safi na kujitia manukato, awe na heshima katika maneno, atumie kwa kiasi juu ya ahali yake, asiwe bahili wala mpotevu, na saa za faragha asome. Aliandika pia sifa za tabibu anazozitaka: asitoboe siri za wagonjwa, awe na hamu ya kuponya kuliko hamu ya ujira, na masikini awashughulikie zaidi kuliko tajiri.

Kitabu chake ninachokipenda ni kile alichoandika juu ya kuzuia maradhi katika ardhi ya Misri, akimjibu tabibu mmoja wa Kairouan, Ibn al-Jazzar, aliyeikashifu hali ya hewa ya nchi hiyo. Ungedhani atawatetea watu wake kwa kuwasifu tu. La hasha. Anaeleza mji wake wa Fustat kama ulivyo: majumba marefu yaliyobanana, vichochoro ambavyo upepo haupiti, watu wanaotupa paka na mbwa waliokufa njiani hata wakaoza, vyoo vinavyomwagia Nili ile ile wanayoinywa, na moshi wa matanuri ya hamamu uliotanda mpaka pumzi ikawa nzito. Nimekaa miaka mingi katika mji wa kale wenye vichochoro, nami nilipokisoma nilitazama dirishani mwangu mwenyewe.

Lakini alikuwa mkali wa ulimi. Aliwashambulia matabibu waliokuwa hai na waliokufa. Na mwaka 1049 akaja Misri mtu wa kumfaa, Ibn Butlan wa Baghdad, tabibu Mkristo, mwanafunzi wa waalimu wakubwa, mwenye adabu ya maneno na uhodari wa kudhihaki. Huko nyuma walikuwa wakiandikiana. Walipokutana, moto ukawaka. Na je, chanzo? Vifaranga! Swali lilikuwa kama kifaranga cha kuku kina tabia ya joto zaidi kuliko kinda la ndege. Msicheke sana, nimeona washairi wa kwetu wakigombana kwa jambo dogo kuliko kifaranga. Chini ya manyoya hayo lilikuwako swali la kweli. Ibn Butlan aliandika kwamba elimu huchukuliwa kwa kinywa cha mwalimu, kwani kitabu hakijibu kikiulizwa, na neno lililonakiliwa vibaya humpoteza asomaye peke yake. Ali bin Ridhwan, ambaye hakuwa na fedha ya mwalimu, ilimbidi aseme kwamba vitabu vya wakubwa vyatosha kwa mwenye akili.

Katika hilo mimi nimelelewa upande wa Ibn Butlan. Chuoni kwetu aliyesoma bila mwalimu alihesabiwa hakusoma, na harufi moja iliyotamkwa vibaya ilirudishwa mpaka ikakaa. Lakini nikikumbuka bei ya waalimu wa Fustat, na tanuri la yule mzee wa Giza, ulimi wangu huwa mzito kumhukumu Ali. Mwalimu wangu mimi hakupata kunitoza senti.

Ugomvi ule ukashuka chini zaidi. Ali alikuwa mweusi wa rangi, na si mzuri wa uso. Ibn Butlan aliutungia uso huo mashairi ya kejeli, akamwita mamba wa majini. Mwenzake akaandika risala nzima kuthibitisha kwamba tabibu hahitaji sura nzuri, kisha akawaandikia matabibu wa Kairo wamkatae Ibn Butlan, wasizungumze naye. Majibizano yao yamehifadhiwa. Joseph Schacht na Max Meyerhof waliyachapisha Kairo mwaka 1937. Nimeyasoma. Yanachekesha, halafu ghafla hayachekeshi.

Labda ni kwa sababu najua nilivyomjibu yule mshairi wa mofa. Alikuwa na chongo tangu utotoni. Niliitia chongo yake katika vina vya kati na vya mwisho, beti kumi na mbili, na zilipotoka gazetini watu walizikariri vibarazani wiki nzima. Hakunijibu. Mwaka uliofuata akafa, nami nilijifanya nina safari siku ya mazishi.

Ibn Butlan aliondoka Misri kwa hasira, akafika Constantinople, na mwaka 1054 alikuwako huko. Hapa ndipo kisa kinapopindukia ajabu, kwani mwaka huo, 446 Hijria, ilizuka nyota nyingine mpya, safari hii katika buruji ya Mapacha. Katika waandishi wote wa nchi za Kiislamu na jirani zao, maelezo ya nyota hiyo tuliyoyapata ni ya Ibn Butlan, na aliyeyahifadhi ni yule yule Ibn Abi Usaibia. Yamo ndani ya kitabu alichonipa mwalimu wangu, kurasa chache mbali na maisha ya Ali, na wataalamu waliyatangaza mwaka 1978. Ibn Butlan naye aliihusisha nyota na msiba: aliandika kwamba mwaka huo tauni iliwaua watu wa Constantinople mpaka makaburi yakajaa, na watu elfu kumi na nne wakazikwa katika kanisa la Luka; na mwaka wa pili maji ya Nili yakapungua, na watu wa Fustat wakafa kwa wingi.

Mabaki ya nyota hiyo ya pili ni wingu ambalo Wazungu waliliita Kaa kwa umbo lake. Ndilo lililotangulia kutambuliwa kwa redio. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, John Bolton na wenzake Stanley na Slee walitumia nguzo za redio juu ya jabali la Dover Heights, Sydney, mahali palipokuwa kituo cha rada cha jeshi. Walisikiliza vyanzo vya redio vikichomoza baharini, na mwaka 1949 wakatangaza kwamba kimojawapo ni wingu lile. Bolton huyo huyo ndiye baadaye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Parkes, na ni chini ya uongozi wake nyota ya Ali ilipopatikana. Na mwaka 1968 darubini za redio zilisikia katikati ya wingu la Kaa mapigo ya kiini cha nyota iliyokufa, kinachozunguka mara 30 katika kila sekunde. Nyota ya Ibn Butlan iliacha moyo unaopiga. Ya Ali haikuacha ila ganda.

Mahasimu wale hawakupatana. Ibn Butlan alikwenda kuwa mtawa Antiokia, akafa huko.

Ali alibaki Misri katika miaka ya njaa. Katika njaa hiyo alimwokota msichana yatima, akamleta nyumbani, akamlea kama mwanawe. Siku moja alimwacha peke yake chumbani ilimokuwa mali yake, dhahabu na vitu vya thamani, kama dinari elfu ishirini, akiba ya maisha ya mtu aliyeanza kwa kukaa vumbini. Msichana akachukua vyote, akatoroka. Hakuonekana tena, wala dinari hazikuonekana. Tangu siku hiyo, anasema Ibn Abi Usaibia, akili ya Ali ilibadilika.

Niliwahi kumwuliza mwalimu wangu kwa nini mtu aliyepima njia za Zohali kwa dakika hakuweza kumjua mtoto aliyekaa naye nyumba moja. Alikuwa akisafisha miwani yake. Alinitazama, akanitaka nirudie somo la kibla.

Ali bin Ridhwan alifariki mwaka 453 Hijria, yaani 1061. Nyumba yake ilikuwa Fustat, mtaa wa Qasr al-Sham'. Ibn Abi Usaibia alipoandika, miaka mia mbili baadaye, watu walikuwa bado wanaionyesha kwamba ni nyumba ya Ibn Ridhwan, ingawa hapakuwa pamesalia ila sehemu ndogo tu ya jengo.